Kusubiri au Kununua: Namna ya Kufuatilia Konsoli Mpya Ukiwa Lubumbashi

Kila kampuni kubwa ya michezo ya video inapokaribia kutoa konsoli mpya, mabishano hufika Lubumbashi miezi mingi kabla ya mashine yenyewe. Vijana wa Katuba na Kampemba hubishana juu ya teraflopsi, yaani kipimo cha nguvu ya chipu ya michoro, mwenye sali ya michezo (chumba cha kuchezea kwa malipo) katika komini ya Kenya hujiuliza kama PlayStation 4 (PS4) zake zitakimbiwa na wateja, na mzazi aliyekwisha kuweka kando dola za zawadi huambiwa, "Papa, usinunue hii, mpya inakuja." Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu hao. Haumchagulii mtu mashine, kwa kuwa uchaguzi huo hutegemea mfuko wake na marafiki anaocheza nao, bali unaonyesha jinsi ya kupima habari zinazovuma, maswali ya kuuliza ambayo wabishani wa Marekani na Japani hawana haja nayo, na wakati unaofaa wa kutoa pesa.

Pima uzito wa habari kabla ya kuibeba

Habari za konsoli ambayo haijatoka zina madaraja, na anayeziamini zote sawasawa hupotea. Daraja la chini kabisa ni uvumi usio na mwenyewe, kama vile picha iliyochorwa na shabiki au video inayotaja bei na tarehe kwa uhakika wa mpiga ramli. Juu yake kuna hataza, yaani hati za uvumbuzi, ambazo kampuni husajili kwa wingi huku nyingi kati yake zikiishia kwenye makabrasha bila kuwa bidhaa. Kisha wapo waandishi ambao habari zao za nyuma zilithibitika, na juu ya wote ipo kauli ya kampuni yenyewe, iliyotolewa na mtu mwenye cheo na jina lake likiwa chini yake.

Mfano wa kuukumbuka ni wa Nintendo. Kwa muda mrefu kabla ya Julai 2021 ilivuma kwamba kampuni hiyo ingetoa konsoli yake ya Switch yenye nguvu zaidi, inayoonyesha picha za 4K, zilizo kali zaidi, na mashabiki walikwisha kuipa jina la "Pro". Tarehe 6 Julai kikatangazwa kitu kingine: modeli ya OLED, yenye skrini bora lakini nguvu ileile ya ndani. Mrithi wa kweli wa Switch alikuja miaka minne baadaye, na aliyekuwa ameuza mashine yake ili aisubiri hiyo Pro alibaki akiwatazama wenzake wakicheza.

Kauli rasmi nayo inahitaji kusomwa neno kwa neno. Shuntaro Furukawa, rais wa Nintendo, aliandika Mei 2024 kwamba tangazo kuhusu mrithi wa Switch lingetolewa ndani ya mwaka wa fedha uliokuwa ukiishia Machi 2025. Msomaji mwenye haraka angedhani mashine itauzwa kabla ya Machi, ilhali kilichoahidiwa kilikuwa tangazo tu. Tangazo hilo lilitoka tarehe 16 Januari 2025, na Switch 2 ikaingia madukani tarehe 5 Juni. Ndivyo inavyofaa kusomwa pia kauli ya Mark Cerny wa Sony, kampuni ya PlayStation, ambaye katika video ya Oktoba 2025 alieleza pamoja na Jack Huynh wa AMD, kampuni ya chipu, teknolojia za michoro wanazozitengeneza, akasema anatarajia kuziingiza katika konsoli ya baadaye, baada ya miaka michache. Hakutaja jina, bei wala mwaka. Microsoft nayo ilitangaza Juni 2025 kwamba imeingia ushirikiano wa miaka kadhaa na AMD kwa ajili ya vifaa vyake vijavyo. Hilo linathibitisha kwamba kazi inaendelea, wala halimpi mtu sababu ya kuhifadhi sanduku la PS5 bila kulifungua.

Wanaotaja mwaka huwa wamepiga hesabu ya kawaida. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani mwishoni mwa 1994, ya pili mwaka 2000, ya tatu 2006, ya nne 2013 na ya tano 2020, kwa hiyo wanaongeza miaka sita au saba na kupata jibu. Hesabu hiyo si ya kipuuzi, ila isichukuliwe kuwa habari. Kampuni haifungwi na desturi yake, hasa katika kipindi ambacho chipu za kumbukumbu zimepanda bei sana tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu vituo vya akili mnemba vinazinunua kwa wingi.

Bei ndiyo hutangazwa mwisho, na hapa ndipo uvumi unapojulikana kwa urahisi. Cerny alieleza sehemu za ndani za PS5 mnamo Aprili 2019. Jina na msimu wa kutoka vikathibitishwa Oktoba mwaka huohuo. Umbo lake likaonekana Juni 2020. Lakini bei haikutajwa hadi tarehe 16 Septemba 2020, chini ya miezi miwili kabla ya mauzo ya tarehe 12 Novemba. Switch 2 ilifuata njia hiyohiyo, maana bei yake ya dola 449.99 ilitajwa tarehe 2 Aprili 2025 kwa mauzo ya Juni, na hata baada ya hapo uagizaji wa mapema nchini Marekani uliahirishwa kwa sababu ya ushuru mpya wa forodha, ingawa bei ya mashine haikubadilika wakati huo. Basi mtu akikutajia bei mwaka mzima kabla, muulize kwa heshima, "Yaya, umeisoma wapi?" Akikutajia chaneli ya video, endelea na chai yako.

Teraflopsi zikae mahali pake

Namba hii hupima wingi wa hesabu ambazo chipu ya michoro inaweza kufanya kwa sekunde, na ndiyo inayowasha moto wa mabishano kuliko nyingine zote. Xbox Series X ya Microsoft ilitoka Novemba 2020 ikiwa na teraflopsi 12, PS5 ikiwa na 10.28, na aliye na chache ndiye aliyeuza mashine nyingi zaidi. Switch ya kwanza, iliyo dhaifu kuliko hata PS4, imeuzwa zaidi ya milioni 150. Ukitaka kulinganisha mashine mbili, tazama mchezo mmoja unaoupenda ukiendeshwa na zote mbili, kisha jiulize kama televisheni uliyo nayo nyumbani inaweza kukuonyesha tofauti hiyo. Televisheni ya 1080p haitakuonyesha 4K hata ukinunua konsoli ya dola elfu moja.

Uliza habari za diski kabla ya jambo jingine

Kwa mchezaji wa Lubumbashi, swali linalopaswa kutangulia katika kila tangazo ni kama mashine ina mlango wa diski. Diski huazimwa, hubadilishwa, huuzwa tena mkono kwa mkono, na humwezesha mtu kucheza michezo mingi kwa gharama ya mmoja. Mashine isiyo na diski humlazimisha kununua kila kitu katika duka la mtandaoni la kampuni, kwa bei ya kampuni, na kupakua mafaili ambayo kwa michezo mikubwa ya leo yanaweza kuzidi giga 100. Anayenunua intaneti kwa vifurushi vya simu ajumlishe gharama ya giga hizo na bei ya mchezo kabla ya kusema kwamba modeli ya bila diski ni ya bei nafuu.

Jambo hili limewahi kuitikisa dunia nzima ya michezo. Xbox One ilipotambulishwa mwaka 2013, Microsoft ilisema mashine ingehitaji kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kungekuwa na masharti juu ya kuuza na kuazimana diski. Wachezaji walipiga kelele. Sony ikatumia nafasi hiyo kutangaza PS4 isiyo na masharti hayo na yenye bei ya dola 399 dhidi ya 499. Na tarehe 19 Juni, kabla hata mashine haijauzwa, Microsoft ikafuta mpango wake. Mabishano ya namna hii yana faida, na inafaa kuyafuatilia hata kwa anayechoshwa na vita vya mashabiki, kwa kuwa yanahusu haki ya mnunuzi juu ya kitu alichokilipia.

Tangu wakati huo, hata hivyo, diski imekuwa ikiondolewa taratibu. Xbox Series S haina mlango wa diski. PS5 Pro, iliyotoka tarehe 7 Novemba 2024 kwa dola 699.99, iliuzwa bila kisoma diski, na anayekitaka hununua kando. Kisoma diski hicho cha kupachika, kinachotumika pia kwenye PS5 nyembamba, kinahitaji intaneti mara ya kwanza ili kitambuliwe na mashine. Ukikinunua, fanya kazi hiyo siku ileile ukiwa na mtandao, usiiache hadi jioni ya sikukuu. Switch 2 nayo imeleta kadi ambazo ndani yake hamna mchezo, ila ufunguo tu, na mchezo wenyewe hupakuliwa. Kadi ya aina hiyo inaweza kuazimwa, ila kila anayeiazima atalipia giga zake. Maelezo hayo huandikwa mbele ya boksi la mchezo, sehemu ya chini, kwa hiyo lisome kabla ya kulipa.

Swali linalofuatana na hili ni kama mashine mpya itacheza michezo ya zamani. PS4 haikusoma diski za PS3, na waliokuwa na kabati la diski walianza upya. PS5 kwa upande wake hucheza karibu michezo yote ya PS4, na Switch 2 hucheza sehemu kubwa ya michezo ya Switch. Tangazo la konsoli likinyamaza juu ya jambo hili, ukimya huo una maana, nawe usiuze mashine ya zamani hadi litajwe waziwazi.

Piga hesabu ya umeme

Mbishani wa Tokyo hajui delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Sisi tunaijua, na konsoli mpya lazima ipimwe kwa kipimo hicho.

Anza na maandishi yaliyo nyuma au chini ya mashine. Ukiona 100–240V, mashine inakubali umeme wetu wa 220V bila kibadilishaji, na itavumilia umeme ukipungua nguvu wakati wa jioni. Mashine za PS4 na PS5 ziko hivyo. Baadhi ya mashine za zamani zilizoletwa kutoka Marekani, kama Xbox 360, zilikuwa na kiunganishi cha umeme kilichotengenezwa kwa ajili ya 100–127V, na wengi waliviunguza siku ya kwanza. Hakuna sababu ya kudhani kwamba konsoli ijayo itakuwa sawa na iliyotangulia. Soma kwanza, kisha chomeka.

Kinachoua mashine zaidi ni mruko wa umeme unaporudi baada ya kukatika, na radi za msimu wa mvua kuanzia Novemba. Nunua kisawazisha umeme ambacho hungoja kidogo kabla ya kuruhusu umeme upite, na uwe na desturi ya kuchomoa kila kitu mvua ikianza kunguruma, pamoja na kebo ya HDMI. Watu huchomoa waya wa umeme na kuisahau HDMI, kumbe radi inaweza kuingia kwa antena au dekoda, ikapita kwenye televisheni na kuifikia konsoli kwa njia hiyo. Aidha, usiiache mashine katika hali ya usingizi usiku. Hali hiyo ilibuniwa kwa nyumba ambazo umeme haukatiki. Ukikatika wakati mashine inaandika kitu katika hifadhi yake, asubuhi utakutana na ujumbe wa kurekebisha hifadhi, na pengine michezo yako itahitaji kupakuliwa upya. Zima kabisa. Kumbuka pia kwamba PS5 hairuhusu kunakili kwenye flashi maendeleo ya michezo ya PS5 yenyewe, ingawa ya michezo ya PS4 inaruhusu. Nakala ya akiba huwekwa mtandaoni na wenye usajili wa kulipia.

Wanaotumia betri na paneli za jua wapige hesabu kabla ya kununua. Betri ya kawaida ya asidi ya 12V na 100Ah ina wati-saa 1,200, na ili isife mapema inafaa kutumia nusu yake tu, yaani 600, ambazo baada ya hasara ya kifaa cha kubadili umeme hubaki 520 hivi. PS5 ikiendesha mchezo mzito hula takribani wati 200. Ongeza televisheni ya wati 80, na betri hiyo itakupa chini kidogo ya saa mbili. Xbox Series S, ambayo wabishani huidharau kwa udhaifu wake, hula takribani wati 75, na kwa betri ileile na televisheni ileile utacheza zaidi ya saa tatu. Switch 2 ikishikwa mkononi haihitaji televisheni, na Nintendo hutaja saa mbili hadi sita na nusu kwa chaji moja kulingana na mchezo. Kwa hiyo, siku kampuni itakapotangaza konsoli ijayo na wengine wakikimbilia namba ya teraflopsi, wewe tafuta namba ya wati. Mimi binafsi, kwa nyumba ambayo umeme hukatika karibu kila jioni, ningechagua mashine inayokula kidogo kuliko ile inayong'aa zaidi.

Akaunti na intaneti

Kongo haimo katika orodha ya nchi ambazo Sony imezifungulia duka la PlayStation. Wachezaji wengi hapa hufungua akaunti ya Ufaransa, Ubelgiji au Marekani na kuijaza kwa kadi za malipo zinazouzwa na wafanyabiashara wa mjini. Njia hiyo hutumika, ila mtu aijue hatari yake: masharti ya huduma yanataka utaje nchi unayoishi kweli, na kampuni ikiamua kukaza sheria hutakuwa na pa kulalamika. Mwezi Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, mchezo huo uliondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako akaunti hiyo haipatikani rasmi. Sony iliacha sharti hilo baada ya malalamiko makubwa.

Ukifuata njia hiyo, chagua nchi moja na ubaki nayo, kwa sababu kadi ya malipo ya Marekani haiingii katika akaunti ya Ufaransa, na michezo haihamishiki kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Usinunue akaunti iliyojaa michezo kutoka kwa mtu mwingine. Mwenye barua pepe ya kwanza anaweza kuirudisha mikononi mwake wakati wowote. Tangazo la konsoli mpya likitoka, angalia mambo mawili: je, inahitaji intaneti wakati wa kuwashwa mara ya kwanza, kama Xbox za sasa zinavyohitaji, na je, baada ya hapo inaweza kucheza mchezo wa mtu mmoja bila mtandao kwa majuma mengi? Jibu la swali la pili likiwa na maneno "mara kwa mara", uliza ni mara ngapi.

Tarehe ya kwao na bei ya kwetu

Tarehe ya kutoka inayotangazwa ni ya nchi zenye wasambazaji rasmi. Mashine zinazofika Lubumbashi huletwa na wafanyabiashara kutoka Dubai, Ulaya au Afrika Kusini, nyingine zikipitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, na kila mkono zinaoupitia huongeza kitu juu ya bei. Wanaoliona lebo la bei ya Marekani na kumwita mwenye duka wa mjini mwizi wangefaa kukumbuka kwamba bei ya Marekani hutajwa kabla ya kodi ya mauzo, na kwamba huku kuna usafiri, ushuru wa forodha na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16. Hilo halimaanishi kila bei ni ya haki. Zunguka maduka kadhaa, uliza bila kuonyesha hamu, na usilipe siku hiyohiyo.

Miezi ya kwanza ndiyo mibaya zaidi kwa mnunuzi wa hapa. PS5 ilikuwa adimu duniani kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, na walanguzi waliiuza mbali juu ya bei yake. Switch 2 ilipatikana kwa urahisi zaidi, kwa kuwa Nintendo iliuza zaidi ya milioni 3.5 kwa siku nne za kwanza na kuendelea kuzalisha. Hata pasipo uhaba, mashine za toleo la kwanza huja na hitilafu ambazo hurekebishwa baadaye, na kwa kuwa dhamana ya mtengenezaji ni vigumu kuidai ukiwa hapa, hitilafu hizo zitaangukia mfuko wako. Mtu asiye na haraka na angoje mwaka mmoja hivi, hadi mafundi wa mjini wawe wamekwisha kuzifungua kadhaa na vipuri vimeanza kupatikana.

Zamani tuliambiwa kwamba anayengoja zaidi ya hapo hupata kwa bei ndogo. Ushauri huo umepungua nguvu. PS4 ilianza kwa dola 399 na baada ya miaka michache ikafika 299. PS5 ilianza kwa 499 na mnamo Agosti 2025 nchini Marekani ikapandishwa hadi 549.99, ikiwa na karibu miaka mitano sokoni. Kwa mazingira haya, anayeitaka mashine ya kizazi cha sasa, ambaye ana pesa na ana michezo anayoitaka leo, sioni faida ya kungoja mrithi asiye na tarehe. Anayetaka Grand Theft Auto VI, kwa mfano, ambayo tarehe iliyotangazwa Novemba 2025 ni 19 Novemba 2026, anajua kwamba imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series, hivyo kungoja mashine nyingine hakumsaidii. Kungoja kunamfaa mwenye mashine inayofanya kazi vizuri, asiye na mchezo mpya unaomkataa.

Maneno kwa wenye sali za michezo

Mwenye sali ana hesabu tofauti na ya mchezaji, na hapaswi kuburutwa na mabishano ya wateja wake. Mteja wa sali hulipia mechi, na mechi ya mpira kwenye PS4 hudumu sawa na ile ya PS5 na hulipiwa karibu pesa ileile. Ili kujua kama mashine mpya itajilipa, gawanya gharama yake yote, pamoja na kisawazisha umeme na maneti ya pili (kidhibiti cha mkononi), kwa faida ya mechi moja baada ya kutoa umeme na kodi ya chumba. Kisha jiulize kama bei ya mechi itapanda kwa sababu ya mashine mpya. Mahali pengi haitapanda.

Historia iko upande wa mwenye subira. FIFA 14 ilitolewa pia kwa PS2, miaka saba baada ya PS3 kuingia sokoni. FIFA 19 ilitolewa kwa PS3, miaka mitano baada ya PS4. EA Sports FC 26 ilitoka Septemba 2025 ikiwa na toleo la PS4, na PS5 ilikuwa karibu kutimiza miaka mitano. Wachapishaji wa michezo ya mpira hawaiachi mashine yenye mamilioni ya wachezaji, na sali nyingi zinaishi kwa mpira. Siku mchezo wa mpira wa mwaka utakapotangazwa bila toleo la mashine uliyo nayo, hapo ndipo pa kuanza kuweka akiba, na bado utakuwa na msimu mzima, kwa sababu wateja huendelea na toleo la mwaka uliopita ikiwa vikosi vimebadilishwa.

Chunguza pia habari ya maneti, kwani ndizo hufa kwanza. Maneti za PS4 hufanya kazi kwenye PS5 kwa michezo ya PS4 tu. Mchezo wa PS5 huzikataa, na mwenye sali aliyedhani atatumia za zamani atajikuta akinunua nne mpya. Xbox Series hukubali maneti za Xbox One, na Switch 2 hukubali zile za Switch zisizotumia waya. Konsoli ijayo ikitangazwa, jambo hili litatajwa kwa sentensi moja tu, na kwa mwenye sali sentensi hiyo inaweza kuwa na thamani ya mamia ya dola.

Mashine mojamoja ya kisasa inaweza kuwekwa kama kivutio, hasa katika mitaa yenye wanafunzi, ilimradi PS4 zisitupwe. Wakati wa kiangazi, safisha mashine zote mara nyingi zaidi, maana vumbi letu jekundu huziba feni. PS5 isifunguliwe kabisa na fundi asiyeijua, kwa sababu chipu yake hupozwa kwa metali ya majimaji ambayo ikivuja juu ya saketi huiharibu.

Siku ya kununua

Iwe umengoja au hukungoja, siku ya kulipa ina taratibu zake. Chukua noti safi za dola, zisizochanika wala kuandikwa, la sivyo utarudishwa nyumbani. Usitume avansi kwa pesa ya simu kwa muuzaji uliyemwona mtandaoni tu, hata kama anadai kwamba mashine imebaki moja. Uliza waziwazi kama ni mpya, ya okazi (iliyokwisha kutumika), au iliyokrakiwa (iliyovunjwa kinga zake), kwa sababu iliyokrakiwa hucheza michezo ya kunakili lakini ikiingia mtandaoni inaweza kufungiwa, na iliyofungiwa haionyeshi alama yoyote kwa nje. Mwaka 2025 Nintendo ilianza kuzifungia huduma za mtandaoni Switch 2 zilizotumia kadi za kunakili michezo, na mashine kama hizo huweza kuuzwa tena kwa mtu asiyejua.

Nenda na diski ya mchezo unaoufahamu, flashi, na simu yenye giga za kutosha kwa ajili ya kuunganisha mashine. Washa, ingiza akaunti yako, hakikisha inaingia mtandaoni, weka diski, cheza angalau nusu saa ili usikie kama feni inalia kupita kiasi. Tikisa kebo ya HDMI kwa upole ikiwa imechomekwa. Picha ikikatika, tundu lake limelegea na huo ni ubovu wa gharama. Sukuma vijiti vya maneti pande zote, kisha viachie, uone kama mchezaji kwenye skrini anaendelea kutembea peke yake. Linganisha namba iliyo kwenye mashine na ile ya boksi, na uandikiwe risiti yenye namba hiyo na siku za kurudisha.

Muuzaji akikataa kuiwasha kwa kisingizio kwamba umeme umekatika, mwambie utarudi umeme ukirudi.